Sinema ya Milango Saba

Jumanne, 5 Machi 1985

Wachimba makaa wa Uingereza wamerudi kazini. Nimetafsiri taarifa nne, zote za mgomo huo ulioshindwa. Walirudi na matarumbeta mbele.

Ramesh kanipigia simu redioni. Zamani alikuwa mwendesha mashine wa sinema Unguja. Sasa anatengeneza televisheni Wembley, hapa London. Ameipata "Milango Saba"! Kichekesho cha Hollywood cha kabla ya vita, kilichotolewa kwenye mchezo wa jukwaani. Miaka na miaka anakitafuta. Televisheni hawakionyeshi, kwenye video hakipo. Anasema kampuni ilinunua haki za mchezo kwa muda tu. Muda ukaisha, warithi wa mwandishi wakagombana, filamu ikafungiwa stoo. Na sisi tumekuwa tukiiulizia kwa jina lisilo lake. "Milango Saba" ni jina walilolitunga wanawake wa Unguja, kwa vile watu wanaingia mlango huu wanatokea ule. Muuza filamu yeyote London angejibu hakuna kitu kama hicho — na wote walijibu hivyo.

Nakala hii ilikuwa ya meli ya abiria iliyouzwa kama chuma chakavu. Ataionyesha Jumapili ya tarehe 17, ukumbini Wembley. Nitafanya ripoti ya dakika tano. Kazi nyepesi, kwa mara moja.

Alhamisi, 7 Machi

Si nyepesi.

Nimeiona peke yangu dukani kwa Ramesh, ukutani, juu ya televisheni mbovu. Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi, nimebanwa kati ya mama na shangazi, onyesho la wanawake peke yao. Wengi hawakujua Kiingereza. Na vichekesho hivi vya jukwaani ni maneno tu — hakuna nyimbo, hakuna mapanga. Bila wa kukueleza, unatazama watu wanafungua milango. Kwa hiyo Bi Jokha, mwalimu wa skuli, alisimama kando ya pazia akatafsiri kwa sauti, kila mtu na sauti yake. Tulimfuata yeye kuliko picha.

Milango ni mitano. Nimeihesabu.

Hilo dogo. Kubwa ni mwisho. Mke amegundua mumewe ni mwongo. Amesimama mlangoni na begi, anasema maneno yake, anatoka. Mume kabaki na kofia mkononi. Basi. Kwa tafsiri ya Bi Jokha mke alisema: "Mimi natoka kwa mlango wangu. Wewe baki uhesabu yako." Ukumbi mzima vigelegele. Nakumbuka.

Kwenye filamu mke anasema: treni inaondoka saa tatu, nisipokuona stesheni nitalia, basi fanya haraka. Yaani amemsamehe. Nikamwomba Ramesh arudishe nyuma. Maneno ni yale yale.

Ramesh hakusumbuka. Kule Unguja, juu kwenye chumba cha mashine, alisikia vigelegele tu. Siku zote alidhani wanashangilia suluhu.

Tatizo ni Bi Nurjehan, anayeapa kwamba mwisho ule ndio uliompa moyo wa kumwacha mumewe.

Jumamosi, 9 Machi

Rayners Lane. Bi Nurjehan ana duka la nyuzi za kufumia karibu na stesheni. Bi Jokha anaishi naye, chumba cha juu ya duka, tangu alipofika mwaka 1972 na begi moja. Hana pengine pa kwenda.

Bi Nurjehan ameshaalika nusu ya mtaa. Amenisimulia tena, kwenye kinasa sauti safari hii, jinsi alivyomwacha mumewe. Mwaka 1957. Mume alikuwa na nyumba ya pili Dar. Bi Nurjehan akaenda sinema Jumatano, Ijumaa akarudi kwa wazazi wake. Mtoto wa kiume, miaka miwili, ukoo wa mume ukamshika. Yuko Kanada sasa, haandiki. Mume alikuja mara tatu kuomba suluhu. Hakumfungulia.

"Yule mwanamke wa sinema ndiye aliyenionyesha mlango," akasema. "Nitampigia makofi kabla hajamaliza."

Anaisimulia kwa vichekesho, kama kawaida yake. Mume alivaa viatu viwili tofauti siku ya suluhu ya tatu, kwa haraka ya kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Tukacheka. Bi Jokha hakucheka. Alikuwa anakunja sambusa, na zote alizokunja mbele yangu ziliachia pembeni.

Aliponisindikiza mlangoni akauliza kama nakala ina sauti. Nikamjibu inayo, safi kabisa. Akasema si lazima. Ramesh azime sauti, yeye atatafsiri kama zamani. Watazamaji wenyewe watafurahi zaidi.

Bi Nurjehan ameuza nyuzi kwa Waingereza miaka kumi na tatu. Kiingereza chake hakihitaji mkalimani.

Jumanne, 12 Machi

Bi Jokha kaja mpaka kantini ya redio, koti la kuazima, treni mbili. Hajawahi kuja. Hakugusa chai.

Alijua nimeiona. Hakuzunguka. Ndiyo, aliyabadilisha yale maneno. Alianza onyesho la Jumatano ile, na baada ya hapo ilibidi ayarudie, kwa sababu waliosikia walileta wenzao.

Nikamuuliza kwa nini.

"Ukumbi ulijaa," akasema, "lakini siku ile nilikuwa nasema na mtu mmoja."

Zaidi ya hapo hakutaka. Aliniomba nimwambie Ramesh kwamba sauti imeharibika. Nikamwambia siwezi kusema hivyo. Kila siku naweka maneno ya watu wengine katika Kiswahili na siongezi hata moja. Akasema: "Mwanangu, wewe husemi na mtu. Unasema na dunia." Hakusema kwa ubaya.

Tukaafikiana hivi: sitasema sauti mbovu, wala sitamwambia Bi Nurjehan kitu. Sikulipenda. Nilirudi kutafsiri taarifa ya bomba la mafuta la Sudan.

Jumapili, 17 Machi

Siku ya mama ya Waingereza. Duka la magazeti la stesheni limejaa kadi na maua. Ukumbini wanawake sitini hivi, watoto wao waliozaliwa hapa nyuma, wanajibizana kwa Kiingereza.

Ramesh alizima sauti bila Bi Jokha kumwomba sana. Anapenda mambo ya zamani. Bi Jokha akasimama kando ya pazia. Miaka sitini na tatu, na sauti zote bado anazo — mtumishi, mama mkwe, mume mwongo. Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Hata wale watoto.

Mkanda wa mwisho ulipokuwa unawekwa, Bi Nurjehan akainuka, akaenda kwenye mashine.

"Washa sauti, Ramesh bhai. Nataka kumsikia mwenyewe."

Ramesh akawasha. Bi Jokha aliacha nafasi yake kando ya pazia. Alikwenda kukaa kiti cha ukutani, mikono mapajani. Mke wa sinema akafika mlangoni. Treni. Saa tatu. Nitalia. Fanya haraka.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mtu mmoja akauliza, Jokha mbona kimya?

Bi Nurjehan alinifuata viti vya nyuma. Uso wake wa dukani. Akaniuliza kama amesikia sawasawa. Nikamwambia ndiyo. Akaniagiza nimwandikie maneno yale, neno kwa neno, nimletee Alhamisi. Yeye na Bi Jokha walirudi nyumbani basi moja, viti mbalimbali.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika haya jikoni kwao.

Nilipofika duka limefungwa mchana. Begi la Bi Jokha limewekwa chini ya kaunta, lile lile la 1972, kamba juu yake. Amelifunga mwenyewe. Bi Nurjehan hajasema naye tangu Jumapili.

Nilisoma karatasi. Mistari mitatu. Niliisoma kama ninavyosoma habari. Bi Nurjehan akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwenzake.

"Mwanangu nilimwacha kwa maneno yako. Nani alikupa ruhusa?"

Bi Jokha alikuwa ameshavaa koti.

"Ulikaa mstari wa mbele," akasema. "Taa zilizimwa. Na wewe hukuvua miwani ya jua."

Miaka yote hii ya vichekesho, viatu viwili tofauti, nyumba ya Dar — miwani sikuwahi kuisikia, wala jicho lililovimba nyuma yake. Nadhani hakuna aliyewahi.

Bi Nurjehan aliitazama kaunta. Kisha akaniambia nikaweke chai. Nikiwa mlangoni pa jikoni nikamwona anavuta kiti cha wateja, anakiburuta mpaka mlango wa mtaani, anakaa, mgongo kwenye kioo. Akachukua sindano zake za kufumia.

Begi liko ndani. Bi Nurjehan yuko kati yake na mtaa.

Maji yamechemka mara mbili. Nasikia sindano tu. Hawajaniita.