Kigari Nje ya Mkahawa wa Sofia

Torhild, nusura ninyang'anywe mtoto, na pasipoti yake bado hatujapewa.

Tulikuwa tunazurura mjini Sofia, hapa Bulgaria, Todor akasinzia kwenye kigari chake cha kusukuma. Nikaegesha kigari nje ya mkahawa alale kwenye hewa safi, kama tunavyofanya sote kwetu Bergen, Norwei. Nikaingia kunywa kahawa.

Natazama dirishani, naona mabibi wanne na polisi. Polisi, Torhild. Nikatoka mbio, mhudumu nyuma yangu.

"Nani katupa mtoto?" polisi akauliza. Mhudumu akanitafsiria.

Nikasema sijamtupa, amelala.

"Kwenye theluji?"

Ndiyo, kwenye theluji.

Polisi akauliza kama ni wangu kweli. Nikababaika na habari za mahakama iliyoniruhusu kumwasili. Todor akaamka, akaninyooshea mikono, akaning'ang'ania shingoni.

Bibi mmoja akamwambia polisi, "Mwache, ni mama yake. Kulea tu ndiyo hajui."

Umesikia lakini? Mama yake. Mbele ya polisi.