Namba ya Bastola ya Mzee Abdulmajid

Jumanne, 9 Septemba 2025
Mzee Abdulmajid amekuja Kabiro, hapa Kawangware, kutoka Kibera na bastola ndani ya sufuria ya pilau. Mimi ni fundi wa kufuli tu — moyo ulinipiga paa! Akanituliza: haipigi tena, na ana barua ya polisi. Ni ya jeshi la Uswisi. Babu yake, askari Mnubi wa jeshi la kikoloni, aliachiwa na afisa wake. Jumatatu anaipeleka makumbusho, ikae kwenye kabati la kioo pamoja na jina la babu. Anataka nitoe kutu.

Jumatano, 10 Septemba
Mlango nimefunga kutwa. Mafuta ya taa, brashi, kitambaa. Buti likipita nje, nadhani ni polisi, nainuka. Mke wangu Kavetsa anasema nitafungwa kwa kupenda vyuma vya watu. Kweli, lakini skrubu hizi! Miaka mia na zinafunguka bila kelele.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeipitisha kwenye mashine ya kung'arisha, kisha msasa laini, kama vitasa vya wateja wangu wa mtaa wa Satellite. Wao hutaka kujiona kwenye chuma. Nimejiona. Raha tupu.

Jumamosi, 13 Septemba
Mzee amepiga simu. Barua ya polisi inataja namba iliyogongwa ubavuni, na makumbusho wataikagua kwanza. Nimeigeuza bastola mara kumi. Hakuna namba. Nimeisugua yote! Bastola iliyofutwa namba ni ya majambazi, Kawangware nzima inajua. Watamkamata mzee wa miaka sabini na minane. Kwa sababu yangu.

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani sikwenda. Elvis, jirani anayetengeneza majiko, ana vyuma vya kugongea namba. "Gonga tu, buda. Nani atajua?"

Mimi nitajua. Lakini nikisema ukweli, jina la babu haliwekwi popote. Nimempigia mzee anisomee namba. Amenisomea mara mbili, polepole. Hakuuliza ya nini.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimegonga tano, moja, nane. Ya nne imekaa upande. Zimebaki mbili.

Mzee amewahi. Kanzu nyeupe, na binti yake Jawahir. Nimefunika bastola kwa kitambaa, nikasema naenda kunawa mikono. Naandika nyuma ya pazia, sijanawa. Namsikia akimwambia binti kwamba mafundi ni wengi, ila aliniletea mimi kwa sababu sichezei kitu cha mtu.

Jawahir anauliza kama anaweza kufunua kitambaa —