Sauti ya Baba Kwenye Diski

Babati Mjini,
Jumatatu, 11 Machi 2024

Dada Kandida,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, wewe na wanao, Vailet na wadogo zake, na kwamba mvua ya huko Dongobesh imekubali kuanza. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo ina kichefuchefu, na nitakueleza kwa nini.

Wiki iliyopita uliponipigia simu kuomba sauti ya Baba kwa ajili ya kikao cha ukoo cha Jumamosi, nilikujibu kwa mkato kwamba kompyuta imeila, kisha nikasema mteja ananisubiri. Hapakuwa na mteja. Ngoja nianzie mwanzo.

Unajua steshenari yangu pale jirani na stendi ilikuwa inatumia mfumo wa kompyuta uitwao Linux miaka yote. Ilinichosha. Kila nikitaka kuchapa mtihani wa shule, yenyewe inataka kujisasisha. Ikimaliza, printa haionekani. Ibra wa duka la simu akanishauri nihamie mfumo mwingine, BSD. Alisema hizo mbili ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa Unix, ila huyu wa pili ana adabu, hafanyi jambo bila kutumwa. Nikamwamini.

Adabu gani, dada? Hafanyi bila kutumwa, na akitumwa pia hafanyi. Siku ya kwanza nilipata kioo cheusi na maandishi meupe, basi. Intaneti haikushika mpaka Ibra alipokuja na kifaa chake. Printa ikatoa karatasi arobaini tupu mbele ya Mwalimu Martha, naye akaondoka na mtihani wake bila kuaga. Nilikitazama kile kioo kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali. Kwa heshima yako nitasema niliruka majivu nikakanyaga moto, ingawa ule msemo mwingine, usioandikwa, ndio unaofaa zaidi.

Kabla ya kuhama nilikuwa nimeweka kila kitu kwenye diski ya nje: kazi za wateja, picha za msiba wa Baba, na sauti yake akigawa shamba la Mutuka. Simu iliyomrekodi ilishakufa, kwa hiyo alikuwa amebaki humo tu. Nilipoichomeka diski kwenye mfumo mpya, haikufunguka, nikaifuta yote. Hivyo ndivyo nilivyomweleza Baba Mdogo Herieli. Alifurahi waziwazi. Akasema mtoto wa kike akishaolewa hana shamba kwao, na sasa hakuna wa kubisha, bonde lote la shamba hilo ni langu mimi.

Alicheka mpaka magego yakaonekana, nikamchukia. Halafu nikajichukia zaidi, maana nilikuwa nacheka naye.

Dada, kompyuta haina kosa. Kabla sijafuta nilimpigia Ibra. Aliniambia diski ni nzima, ila imeandikwa kwa namna ya Linux, na mfumo mpya unahitaji kuamriwa kwanza ndipo uisome. Akanitumia amri yenyewe kwa meseji, mstari mmoja tu. Niliusoma mara mbili. Nikalifikiria lile bonde lenye maji mwaka mzima. Nikakufikiria wewe unavyolima shamba la kukodi tangu shemeji afariki. Bado nikafuta. Safari hiyo mfumo ulitii papo hapo, bila hata kuniuliza kama nina hakika.

Nikikaa karibu na ile kompyuta sasa, najinusa mwenyewe.

Alichosema Baba ninakikumbuka neno kwa neno: kuanzia mfereji hadi mpaka wa jirani yetu Salvatory ni la Kandida, na asisumbuliwe na mtu. Nimeyaandika haya kwa kalamu, kwa mwandiko ambao wazee wote wanaujua. Jumamosi nitasimama niyaseme mwenyewe. Lakini sasa najijua. Ukiniona nimenyamaza, itoe barua hii uisome kwa sauti, yote, mimi nikiwa nimekaa palepale.

Wasalimie watoto, na mama mkwe wako mwambie shikamoo yake iko njiani. Mke wangu anakusalimu sana. Tangu nimweleze haniandalii chakula, ananionyesha tu sufuria ilipo, na simlaumu. Amekubali kuweka jina lake hapa chini.

Mdogo wako,
Paskasi

Shahidi: Natalia, mke wake