Bei ya Beki Aliyetumika

Jumapili, 29 Juni

Mkataba umekwisha. Miaka kumi na moja ya mpira wa magongo barafuni, na leo mimi ni mchezaji huru. Huru! Soko linafunguliwa keshokutwa saa nne asubuhi. Lorne, wakala wangu, anasema beki wa miaka thelathini na nne anayezuia mashuti kwa mwili wake hakosi dola milioni mbili kwa mwaka. Kompyuta ya kukadiria bei za wachezaji kwenye televisheni inasema laki nane. Nimeizima.

Simu isipolia, baba mkwe ananisubiri dukani kwake. Niuze matrekta. Mungu wangu!

Jumatatu, 30 Juni

Tuko kwenye nyumba ya mapumziko ziwani. Baba mkwe, mzee Orest, kaja na kitabu chake cha bei za matrekta yaliyotumika, kakifungua mezani katikati ya sahani za perogi za viazi. Akauliza nimefanya kazi saa ngapi. Nikamwambia – dakika kumi na nane kila mechi, mechi mia saba. Akapiga hesabu. Injini imewahi kufunguliwa? Goti, mara mbili. Akasikitika, akapunguza theluthi. Meno?

"Sita ya bandia, baba."

"Vipuri si vya kiwandani," akasema, akapunguza tena.

Jibu: milioni moja na laki tisa! Nikampigia Lorne. Akaguna tu – timu nazo zinapiga hesabu hivyohivyo. Janelle, mke wangu, alicheka mpaka akatoka nje. Mimi niliguswa, kusema kweli. Sijawahi kukaguliwa kwa heshima namna ile.

Jumanne, 1 Julai

Sikukuu ya taifa. Saa nne – kimya. Nne na nusu – kimya! Mabeki watatu wameshasaini, mmoja hajui hata kugeukia kushoto. Janelle akanifukuza: nenda kacheze magongo na majirani barabarani, utaitoboa hiyo simu kwa macho.

Nikaenda na kandambili. Mzee Orest akaachia shuti – ana miaka sabini na moja! Mwili ukajitupa wenyewe mbele ya mpira. Sikuuagiza. Kifundo kimeumuka kama mkate.

Sasa mguu umo kwenye beseni la barafu. Mzee ananifokea huku machozi yanamlengalenga: "Dale, mwanangu, si ungeuacha upite? Goli lenyewe mapipa mawili ya taka!"

Simu! Lorne. Timu ya kusini – milioni mbili kwa mwaka, miaka miwili! Daktari wao anataka kuniona kwa video, sasa hivi, nikitembea.

Nimemwambia asubiri, navaa kiatu. Janelle anavuta, mzee anasukuma. Hakiingii.