Mabati Mazito

Lagangabilili, Bariadi
2 Julai 1995

Mwanangu Milembe,

Ninakuamkia kwa lugha ya kwetu: mwangaluka, mayu. Ninatumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Mayunga. Sisi hapa tunalala na kuamka. Mama yako anakohoa asubuhi kwa sababu ya vumbi la pamba, lakini jembe analishika. Mguu wangu wa kushoto haujapona, wala haujazidi.

Ninakuandikia kwa habari ya nyumba. Unakumbuka kwamba nyasi za upande wa chumba chetu zilianza kuoza kabla hujaolewa. Mwaka huu nimeamua kutoezeka nyasi tena. Zamani mtu aliyetaka bati aliandika maombi, akangoja kibali, na kibali kilipofika bati halikuwapo. Sasa maduka ya Bariadi yamejaa mabati mpaka barazani, na mwenye duka anakufuata barabarani kama jamaa yako. Pamba nayo wananunua watu binafsi, wanalipa papo hapo mizanini. Hata Bundala, jirani yetu, ambaye nilimfundisha darasa la nne mara mbili kwa kuwa hesabu zilimshinda, aliezeka bati mwaka jana. Kila nikipita anatoka mlangoni na kuniuliza, "Mwalimu, nyasi za mwaka huu zinasemaje?"

Kuna mabati ya aina mbili. Yako membamba, ambayo fedha ya pamba inayatosha. Yako mazito, geji ishirini na nane, ambayo yatawafaa hata wajukuu, lakini kuyapata ni lazima niuze ng'ombe. Zizini hamna ng'ombe wengine ila wale tisa ambao ukoo wa Mayunga ulileta kukuoa. Kaka huna, kwa hiyo hawangojei mahari ya mtu. Hata hivyo walikuja kwa ajili yako, nami nimeona ni haki ujulishwe kabla. Andika maoni yako kwa ufupi.

Baba yako,
Mwl. Thomasi Bujiku


Nassa
16 Julai 1995

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu, na pole ya kifua. Barua yako nimeipata na nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi ni mzima, isipokuwa sikio la kushoto. Nilianguka karibu na kisima, na tangu siku hiyo halisikii vizuri. Tafadhali usimwambie mama.

Baba, ninakuomba uchague yale membamba. Hapa Nassa watu wengi wameezeka hayo, na mvua ya ziwani haijayatoboa. Waache ng'ombe zizini. Mama anahitaji maziwa. Yule mweusi mwenye baka jeupe begani, aliyetangulia mbele siku walipoletwa, usimuuze hata ukikosa misumari. Umesema niandike kwa ufupi. Ufupi wangu ni huo: waache ng'ombe, baba.

Mayunga siku hizi ni wakala wa kampuni ya pamba. Anatembea na lori lao, na akirudi huwa amechoka. Ukinijibu, tuma kwa posta kwa jina la Violeth, muuguzi wa zahanati ya hapa. Ni rafiki yangu, atanifikishia. Usiwape watu wa lori.

Mwanao,
Milembe


Lagangabilili, Bariadi
8 Agosti 1995

Mwanangu Milembe,

Mwangaluka. Sisi ni wazima, na tunaomba iwe hivyo kwenu. Pole ya sikio. Tia mafuta ya uvuguvugu, na siku nyingine uangalie unapokanyaga.

Maoni yako nimeyasoma. Umeandika nisimuuze ng'ombe hata nikikosa misumari. Hayo si maoni, ni kubembeleza. Mtu anayetoa maoni hutoa na sababu. Sababu yako ya maziwa ni dhaifu, kwa kuwa maziwa yanapatikana kwa jirani. Nimechagua mazito. Bati jembamba fundi akilikanyaga linabonyea, na upepo wa huku tunaoujua ukishika ukingo wake, unalikunja kama karatasi. Sikufundisha miaka thelathini na moja ili nizeeke chini ya kitu cha kukunjika.

Niliwapeleka mnadani Bariadi ng'ombe sita. Baadaye fundi akasema mabati mazito yanataka mbao nene, na fedha haikutosha, kwa hiyo watatu waliobaki nao wamekwenda, pamoja na yule mweusi. Zizi sasa ni tupu, na mama yako amepanda mchicha humo. Amenuna, lakini mchicha umeota vizuri.

Kuhusu posta, sikuona sababu ya kununua stempu wakati lori la mumeo limesimama hapa kijijini likipakia pamba. Barua ya baba kwa mwanawe haina la kufichwa, na la kumficha mume halifai kabisa. Nimempa Mayunga mwenyewe mkononi. Amenenepa, na alinisalimu kwa heshima.

Baba yako,
Mwl. Thomasi Bujiku


Lagangabilili, Bariadi
17 Septemba 1995

Mwanangu Milembe,

Mwangaluka. Hii ni barua ya tatu tangu nianze kukuandikia habari za nyumba, na ya pili haijajibiwa. Sikukulea hivyo. Kama u mgonjwa, mtu wa kukuandikia hakosekani Nassa.

Nyumba imekwisha. Fundi amepiga kofia ya bati kwenye kilele cha paa, na ukitokea upande wa Bariadi unaona paa letu linang'aa kabla hujaona mti wowote wa kijiji. Bundala alikuja akalizunguka mara mbili. Aligonga bati kwa kidole, akasikiliza, kisha akasema hana neno. Nilifurahi zaidi ya ilivyonipasa.

Ijumaa ilinyesha mvua isiyo ya msimu. Chini ya nyasi mvua ilikuwa haitushughulishi. Chini ya bati ilikuwa kama magunia ya kokoto yanamwagwa kichwani. Mama yako alikuwa amekaa mbele yangu, akasema jambo, nikaona midomo tu. Mvua ilipokatika nilimwuliza alikuwa anasema nini, akajibu kwamba amesahau.

Jibu barua hii.

Baba yako,
Mwl. Thomasi Bujiku


Nassa
24 Septemba 1995

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mama naye shikamoo. Ninaandika nikiwa kwa Violeth, na ni yeye atakayeitia posta.

Barua yako ya Agosti sikuisoma. Nilisomewa. Mayunga alirudi nayo, akawaita mama yake na kaka zake, wakakaa uani, akaisoma kwa sauti kutoka mwanzo mpaka kwenye sahihi yako. Alipofika penye zizi na mchicha akarudia. Kaka zake walicheka. Kisha akaniambia mbele yao, "Haya, nenda kwenu. Zizi la kwenu limekuwa bustani. Baba yako amelala chini ya ng'ombe wako, atawashushaje?"

Baba, sikuanguka kisimani. Alinipiga kofi kwa sababu mwaka wa tatu huu sijamzalia, na sikio likatoa damu siku mbili. Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Juni nilikwenda kwa wazee wa ukoo wao nikaomba kuondoka. Hawakunifukuza. Walisema mbele ya watu, naye akiwapo, kwamba kwa kuwa hakuna mtoto, siku ng'ombe wote tisa watakaposimama zizini kwao nitatoka mchana, na hakuna atakayenishika mkono. Nilikuwa ninangoja pamba iishe nije niwaambie wewe na mama kwa mdomo wangu. Ndipo ikaja barua yako ya mabati.

Niliona aibu kuandika sababu. Nilidhani ukichagua membamba itatosha, na sababu ningekueleza nikifika. Ndiyo maana nilibembeleza.

Tangu barua ile hanipigi mbele za watu tena. Anasema hakuna haraka, kwa kuwa sina pa kwenda. Akiingia usiku ananiuliza habari za mabati, kama yamefika salama, kama hayavuji.

Sikulaumu, baba. Nyumba ilikuwa inavuja kweli. Lakini usimpe tena barua.

Mwanao,
Milembe


Lagangabilili, Bariadi
1 Oktoba 1995

Mwanangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma peke yangu, kisha nimemsomea mama yako. Hakulia. Alikwenda zizini akang'oa mchicha wote, hata ule uliokuwa bado mdogo.

Ukiweza, lala kwa Violeth. Usimjibu mumeo neno. Ninatafuta ng'ombe.

Baba yako


Lagangabilili, Bariadi
18 Oktoba 1995

Mwanangu Milembe,

Mwangaluka, mayu. Sisi hatujambo. Wewe sikuulizi hali. Ulikwisha kunieleza mwezi wa Julai, nami nikakusahihisha.

Mabati nimeyashusha kutoka juu ya nyumba. Mwenye duka aliyeniuzia, yule wa kunifuata barabarani, aliniambia hanunui bati lenye matundu ya misumari, akaendelea kunywa chai yake. Nikaenda kwa Bundala. Nilisimama mlangoni pake nikamweleza yote, na la sikio pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, miaka miwili ulinichapa kwa ajili ya hesabu. Leo achapwe nani?" Akamwita mkewe Nyanjige alete kiti, akaniketisha.

Ameyachukua mabati yote kwa ajili ya ghala lake la pamba, na matundu ataziba kwa lami. Ametoa ng'ombe tisa. Ninajua kwamba mabati yale hayafikii tisa, naye anajua. Nilitaka tuandikiane hati, akakataa. Alisema mwandiko wake niliwahi kuuita nyayo za kuku, basi asinichafulie karatasi. Nitamlimia pamba, mguu ukikubali na usipokubali.

Yule mweusi mwenye baka hayumo. Nilimfuata mpaka mnadani, nikaambiwa alipakiwa kwenye lori la Mwanza siku ileile. Hilo siwezi kulirudisha.

Kesho alfajiri Bundala na baba yako mdogo Maganga wataondoka na ng'ombe hao. Mimi mguu hautanifikisha Nassa. Bundala atampitishia Violeth barua hii kabla hawajaingia kwa Mayunga. Ng'ombe wakishahesabiwa mbele ya wazee wao, usingoje kukaribishwa chakula. Kama Mayunga atataka maneno, Maganga anayo ya kumtosha. Wewe chukua nguo zako utoke nao, mchana, kama walivyosema.

Siku ile ya mvua mama yako hakuwa amesahau. Ameniambia jana, tukiwa tumekaa ndani ya kuta zisizo na paa. Alikuwa amesema, "Mtoto amekuomba ng'ombe, wewe unamjibu mabati." Amenieleza pia kwamba aliona afadhali mvua inyeshe, kwa kuwa kukiwa kimya ningemsahihisha na yeye.

Nyasi tumekata, na vijana wa kitongoji wamekuja kuezeka bila kuitwa mara mbili. Zimepanda upande mmoja tu, upande wa chumba chako. Mama yako ndiye aliyesema tuanze na huo. Upande wetu mbingu inaonekana, na mawingu yameanza kujaa upande wa ziwa. Ikinyesha leo, itatukuta sisi.

Nimezoea kukugombeza kwa kutojibu barua. Hii usiijibu. Bundala akirudi na karatasi, nitajua kwamba umebaki, na sitahitaji kuisoma. Kuanzia Jumapili nitakuwa nimekaa barabarani. Nitaanza kwa kuangalia mikono yake.

Baba