Baraka za Mdomo Mkavu

Ejok, Shangazi! Ndivyo tunavyosalimiana hapa Lodwar. Zile dawa za huzuni unazotaka nitupe bado zinanikausha mdomo na kunitoa jasho, lakini kwa joto la huku kila mtu yuko hivyo bila kuandikiwa na daktari.

Jana nyanya mwenye nyumba alinipa mjukuu wake mchanga nimtemee mate kidogo, ndiyo baraka ya mgeni. Nikajaribu, wapi! Ukoo mzima ukanikodolea macho.

"Mgeni ako na choyo?" nyanya akauliza.

Nikamweleza habari ya dawa.

"Inatoa huzuni, inatoa na mate?" Akanipa tumbaku nitafune.

Nilitema mpaka mtoto akapiga chafya, nami nikacheka, mimi ambaye mwaka jana hata kuoga kulinishinda.

Kwa hiyo sizitupi. Nikirudi Voi kaa tayari, nitakutemea nawe, kwa mapenzi yote.

Mghoi wako