Mama Kivuva Ataka Kujua Wimbo Unasema Nini

Mpendwa Mama Lydiah,

Naomba msaada wako kabla sijaharibu zaidi, maana tangu mwezi wa Agosti chakula hakinishuki vizuri na hata kazini, mimi ni karani katika ghala moja huku Industrial Area, wenzangu wameniuliza kama kwetu kuna msiba, lakini msiba wenyewe si wa kwetu, na hakuna anayejua kama ni msiba.

Naitwa Phares, nimezaliwa na kulelewa Ziwani. Jumamosi mchana sisi vijana wachache hukutana katika kibanda cha Chege, fundi wa redio, kusikiliza kipindi cha muziki wa roki, na najua wasomaji wako watacheka kwamba vijana wa Eastlands tunaacha rumba tunasikiliza magitaa ya Wazungu, lakini ndivyo tulivyo, na kuna wimbo mmoja ambao hatukuwahi kumaliza kuujadili. Unasimulia habari za kijana anayemuaga mama yake alfajiri na kufuata reli kwa miguu akitafuta kazi, na kila ubeti anazidi kwenda mbali, hadi ule wa mwisho anaposikia sauti ikimwita, anatua begi lake, halafu gitaa linalia peke yake na wimbo unaisha. Ni nani aliyemwita? Chege alishikilia kwamba ile sauti ni bangi tu. Jecinta, ambaye huimba kwaya, alisema ni Mungu. Mimi nilisema ni honi ya gari moshi, na kijana amefia relini. Naye Mbithi, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, alisema sisi sote hatuna masikio, aliyeita ni mama yake, begi amelitua mlangoni kwao, amerudi nyumbani.

Sisi wengine tulikuwa tukibadilisha maoni kulingana na siku, hata Chege. Mbithi hakubadilisha hata mara moja, na yeye ni mtu mpole, mkibishana juu ya mpira atakuachia ushinde ili mwende zenu. Sasa ni lazima nikueleze kwamba Mbithi ana kaka mkubwa, Kivuva, aliyekuwa akifanya vibarua kiwandani na kupanga chumba Mukuru kwa Reuben, na mwaka jana baada ya Pasaka alitoka kwenda kazini asionekane tena. Kanda yenye wimbo ule ni yeye aliyeileta mtaani. Watu walisema ameenda Mombasa, wengine wakasema ameoa upande wa Kitui na hataki kusumbuliwa, miezi ikapita, tukazoea. Naandika haya yote pamoja leo, lakini wakati ule, Mama Lydiah, kweli sikuyaweka pamoja.

Agosti nikachoka na ule ubishi. Nikanunua kadi ya salamu, nikamwandikia mtangazaji wa kipindi kile nikimwomba atueleze maana ya wimbo, nikatia jina langu na la mtaa, sikumwambia mtu. Jumamosi moja tukiwa sote kwa Chege tukasikia akisoma kwamba Phares wa Ziwani anauliza, kisha akasema mwimbaji mwenyewe aliwahi kueleza kwamba aliutunga baada ya rafiki yake wa utotoni kugongwa na gari moshi. Niliruka juu. Nilimpiga Mbithi begani nikamwambia, "Si nilikuambia? Huyo msee alikufa kitambo." Chege alicheka, nami nikacheka. Mbithi alisimama, akachukua koti lake, akatoka. Nilidhani amekasirika kwa kuwa ameshindwa, na sitakuficha, nilifurahi.

Katikati ya wiki dada yao mdogo, Kavinya, alinikuta uani nikifua nguo, akaniambia mambo ambayo sikuyajua. Mama yao hajui Kiingereza. Kivuva alipopotea na mama akawa halali usiku, Mbithi alimchezea ule wimbo na kumweleza kwa Kikamba kwamba ni habari za kijana aliyeenda mbali kutafuta kazi na mwishowe akarudi kwa mama yake. Tangu hapo mama alikuwa akiuomba jioni wakati anapika, akisema niwekeeni yule kijana anayerudi, na chakula cha Kivuva kilipakuliwa na kufunikwa kwa sahani kila jioni. Jumamosi ile redio yao nayo ilikuwa imewashwa. Mama alisikia jina langu, akasikia Ziwani, akatambua wimbo, halafu akasikia maneno mengi ya Kizungu asiyoyaelewa, na Mbithi alipofika akamuuliza ni nini Phares alikuwa akiambiwa kwenye redio. Mbithi aliingia chumbani akafunga mlango. Mama hajauomba wimbo huo tena.

Kavinya alinitazama, akasema, "Mama anataka uje wewe umwambie wimbo unasema nini. Anasema Mbithi anaweza kumdanganya kwa sababu anampenda, lakini wewe huna sababu."

Jioni hiyo nilimtafuta Mbithi, nikampata akiosha pikapu ya mikate anayoendesha. Nilimsalimu kwa niaje yetu, akaendelea kusugua. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamia gurudumu, nikamwomba msamaha kwa ile kadi, akasema hakuna haja. Kisha akasema, "Nenda umwambie anarudi. Ukimwambia kingine, usinijue tena."

Sasa nifanyeje? Mama Kivuva, ndivyo mtaa mzima tunavyomwita, nimekula mahindi yake ya muthokoi tangu nikivaa kaptura, na mama yangu alipolazwa hospitalini ni yeye aliyetupikia. Nikimdanganya, na siku moja habari mbaya zije, atakumbuka ni mimi niliyemwambia asubiri. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemtangazia kifo cha mwanawe kwa kutumia wimbo, na Mbithi nitakuwa nimempoteza. Siku hizi nikitoka kazini nazunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mlangoni pake. Jana aliniona kwa mbali akaniinulia mkono, nami nikajifanya naangalia kwingine. Kama ningejua, ile kadi ningeichana.

Phares, Ziwani, Nairobi.

*

Phares,

Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikaichukua tena. Pole, mwanangu. Lakini nitakukemea kwanza, maana nikianza na huruma hutanisikia.

Unasema hukuyaweka pamoja. Mtaa mzima unamwita yule mama kwa jina la mtoto aliyepotea. Wewe mwenyewe ulikuwa ukipita mlangoni pake ukimwamkua, "Shikamoo, Mama Kivuva," kisha Jumamosi unakaa na mdogo wake Kivuva unamshindilia kwamba kijana amefia relini. Sisemi ulikuwa na nia mbaya. Ulikuwa na hamu ya kushinda, na hamu hiyo humtia mtu uziwi. Rafiki yako mpole akikataa katakata kukubali jambo moja tu, jiulize linamuuma wapi kabla ya kwenda kuita redio ije ikusaidie kumshinda.

Mbithi naye amekosea, na hapa umsomee. Alimpa mama yake tumaini ambalo hakuwa nalo yeye mwenyewe, sasa limemlemea, anataka wewe umbebee. Usikubali.

Usimdanganye mama huyo. Amekuita wewe kwa sababu moja, na ukiivunja hatabaki na mtu wa kumuuliza. Wala usiende kumtafsiria kifo, kwani kifo hukijui. Mwambie kwa maneno yako kwamba huu ni wimbo wa mtu wa mbali, alimlilia rafiki yake aliyegongwa na gari moshi, na kwamba mtu huyo hamjui Kivuva, hawezi kutuambia kama yu hai au la. Atakuuliza tena. Mjibu vilevile. Akilia, kaa naye, usikimbilie kumwahidi lolote, na usiangalie saa.

Lakini kabla ya hapo rudi kwa Mbithi. Ulimwomba msamaha kwa ajili ya kadi, kadi haikumuumiza. Mwambie, "Nilitaka kukushinda mbele ya watu, na uliponyamaza nikacheka." Sema hilo la kucheka kwa kinywa chako. Akikufukuza, rudi kesho yake. Na umweleze mapema utakalomwambia mama yake, asije akalisikia pale kama alivyolisikia kwa Chege.

Sasa nikuambie lililonisikitisha kuliko yote, na hujui kwamba umeliandika. Barua yako nimeirudia nikitafuta mahali unaposema kuna mtu aliyekwenda kumtafuta Kivuva. Sikupaona. Zaidi ya mwaka mmoja, Jumamosi baada ya Jumamosi, mmechunguza kijana wa wimbo ameitwa na nani na ametua wapi begi lake, na Kivuva, aliyekuwa akikaa mahali ambapo mtu huenda na kurudi kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, mmemwachia uvumi wa Mombasa na wa Kitui. Sikulaumu peke yako. Nawalaumu ninyi nyote, na wazee wa mtaa, na jamaa zake.

Kwa hiyo Jumamosi hii hakuna redio. Nendeni wewe na Mbithi Mukuru kwa Reuben, mumwone mwenye nyumba, muulize vyombo vya Kivuva viliondolewa na nani. Chukueni picha yake, msimame kwenye lango la kiwanda asubuhi vibarua wanapochaguliwa. Wale watu wanajuana kwa sura, na yuko aliyemwona mwisho. Mwulizeni kama Kivuva alifika kazini siku ile. Kama polisi hawakuarifiwa, waarifuni, na kama waliarifiwa, kawaulizeni wamefanya nini, wala msiondoke kwa kuambiwa mrudi wiki ijayo. Kisha zungukeni hospitali. Baada ya hospitali, Phares, chumba cha maiti. Mama asipelekwe huko, wala Kavinya. Ingia wewe, Mbithi abaki nje mpaka umwite. Utaogopa. Ingia hivyo hivyo.

Huenda yu hai mahali fulani, anaona aibu kurudi mikono mitupu; nimepokea barua nyingi za watu wa aina hiyo, wanasubiri tu mtu wa kuwafuata. Huenda msimpate kabisa, na hilo nalo ni gumu, ila mama atajua kwamba mwanawe alitafutwa. Lolote mtakalolikuta, asilisikie njiani wala kwenye redio. Aambiwe na Mbithi, kwa Kikamba, akiwa ameketi, nawe uwe upande wake wa pili.

Mama Lydiah